Zukhrabwethilqondo

"Haki ya Mungu, ulimi wangu mzima," aliapa Mzee Mwinchande. "Nimechoka tu kulitamka. Tumwite Zukhu, yaishe."

Wenzake wawili mezani wakacheka. Kila Jumamosi walicheza mchezo wa kujifanya mashujaa, kwa dadu, karatasi na masimulizi. Mzee ndiye aliyembandika shujaa wake jina la Zukhrabwethilqondo, na mwaka mzima aliwacheka wenzake walipojikwaa nalo. Leo shujaa huyo alitumbukia shimoni akafa, na kwa kanuni yao, shujaa aliyekufa hufufuka mchezaji wake akimwita kwa jina lote.

"Mwite basi, babu," alisema Salha, msimulizi wao. "Au ulimi umeota kutu?"

Mzee akapiga funda la chai kuvuta muda. Chai ikamchuruzika kwenye pembe ya kushoto ya mdomo, asihisi. Salha akaacha kucheka.

"Zu... khra..." Kilichofuata kilitoka kama uji.

"Tangu lini, babu?"

"Tangu asubuhi. Nimelala vibaya."

Fumo, mchezaji wa tatu, alikwishatoka mbio kutafuta gari la kwenda hospitali.

"Nimeapa uongo," Mzee alisema kwa taabu. "Faini yake mezani naijua: shujaa wangu afutwe jina. Lete raba."

"Acha hayo, babu."

Akaichukua mwenyewe. Mkono wa kushoto ulikataa kushika karatasi yenye jina la shujaa wake, Salha akamshikia. Akaanza kulifuta jina kutoka mwisho, herufi moja moja, mpaka zikabaki mbili: Zu. Nje gari likapiga honi. Raba ikabaki hewani.