Riwaya ya Mwantumu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, sina wa kumsingizia. Riwaya za siku hizi hujiandika upya kumfuata anayezisoma. Ile ya marehemu mke wangu, Mwantumu, aliirudia kila kiangazi, mpaka mwanamke wa mle ndani akawa anasema kama yeye. Basi joto la Februari liliponishinda, nikatandika mkeka sebuleni, nikaifungua nimsikie tena.

Sura ya kwanza alimsema mumewe vile Mwantumu alivyokuwa akinisema mimi. Nilicheka hadi machozi. Kufika ya tano, yule mume alikuwa anatania kama mimi, na mwanamke anacheka kila utani. Mwantumu hakuwahi kuucheka hata mmoja! Nikarudi mbio sura ya kwanza. Napo amekuwa mpole, ananiitikia tu.

Binti yetu Hidaya aliingia na maji ya ukwaju, akasoma kidogo begani kwangu, akaketi chini.

"Baba, si tulikubaliana isifunguliwe?"

"Nilimkumbuka, mwanangu. Ungemkumbuka kama mimi, nawe ungeifungua."

"Mimi namkumbuka kila siku, baba. Ndiyo maana sikuifungua."