Kandambili kando ya jabia

Kandambili za Bi Umulkheir zilikuwa bado pale kando ya jabia, birika la maji ya mvua la kijiji. Ukanda mmoja ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa nyavu.

Mimi ni mwalimu, mgeni hapa Siyu. Kila jioni naendesha baiskeli kuzunguka mikoko na vilima vya mchanga, mara mbili, na kila mzunguko unanipitisha kwenye jabia. Wenyeji walinifundisha mapema: sakafu yake ya kukingia mvua haikanyagwi na viatu, na mwanamume akikuta wanawake wanateka maji, hupiga kengele, akageuza uso, akapita.

Mzunguko wa kwanza nilifanya hivyo.

“Pita na ndia yako, mwalimu,” Bi Umulkheir aliniambia kwa sauti ya kuchoka.

Nilipokwisha kupita, nilisikia kitu kikitumbukia majini. Nikajua ni ndoo yake.

Sasa, mzunguko wa pili, nilipiga kengele. Nikapiga tena. Hakuna aliyenijibu.

Nikathubutu kutazama. Ndoo ilikuwa juu ya ukuta, kavu, kamba yake bado imekunjwa.

Nikaitupa baiskeli, nikaikimbilia sakafu ile nyeupe na viatu vyangu.