Bomba Linalovuja

"Futa sentensi hiyo, dada, nikupe kamisheni kwa kila bomba litakalonunuliwa kupitia blogu yako," muuzaji alisema kwenye simu. "Ndiyo kwanza unaanza. Nani mwingine atakupa?"

Sentensi hiyo, kwenye rasimu ya makala ambayo Odilia alikuwa amemtumia aione kabla ya kuichapisha, ilisema bomba la muuzaji huyo la kupulizia dawa ya magugu linavuja. Odilia alikuwa amelibeba mwenyewe shambani kwake Mngeta, na sasa bega lilikuwa limebabuka, ngozi ikinata kwenye khanga.

"Wanaonisoma ni wakulima wenzangu, kaka. Siwezi kuwauzia vidonda."

Muuzaji akacheka. "Haya, mama. Kula huo ukweli wako."

Odilia akakata simu. Akaibandua khanga taratibu, akalipiga picha bega, akaiweka chini ya jina la bomba, kisha akabonyeza "chapisha".