Ringi ya Kituoni

Mzee Sefania aliachiwa asubuhi, baada ya siku tatu rumande kwa kosa la kugonga kengele ya ibada iliyopigwa marufuku. Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya lori. Askari waliibeba kama ushahidi, wakaipenda, wakaitundika kituoni iwe ya kubadilishia zamu.

"Ukirudia, mzee, safari hii hutoki," alisema Afande Lutego.

"Sirudii, mwanangu. Mitume walichapwa wakatoka wanafurahi. Mimi natoka kiuno kinauma. Nataka kitanda changu tu."

Wala hakudanganya. Alikuwa ameshafika getini, viatu mkononi, askari wa zamu alipoigonga ringi kwa nondo. Mlio ulikuwa ule ule ambao mji ulikuwa umeuzoea miaka thelathini. Milango ikafunguka. Akaja fundi cherehani na sindano mdomoni, akaja Mama Yusta na mwiko unaodondosha uji, wakaja hata wale ambao manyunyu tu huwazuia kwenda kanisani. Wakajaa mbele ya kituo, vitabu vya nyimbo kwapani, wakimtazama yeye.

"Mzee, waambie waende," Afande alinong'ona. "Wewe watakusikia."

Sefania akaitazama njia ya kwake, kisha miguu yake iliyovimba. Akashusha pumzi, akaweka viatu chini, akavua kofia.

"Namba ngapi, mzee?" aliuliza Mama Yusta.

Nyuma yao askari wa zamu alikuwa bado ameinua nondo, hajui kama aishushe au agonge ya pili.