Chumba cha Juu, Nishijin

Chizuru Kamata alivua viatu mlangoni kwa hasira, kimoja kikaruka hadi kwenye mtungi wa achari. Ilikuwa siku ya tatu anazunguka Kyoto akitafuta chumba. Dalali wa mtaa wa Demachi alikuwa amemtajia bei, naye akafurahi mpaka alipoambiwa kuwa hiyo ni ya wiki, si ya mwezi.

"Umepata?" Bibi Matsue, aliyekuwa akipokea kodi yake, aliuliza kutoka jikoni.

"Nipate wapi, bibi? Kila nyumba ya zamani imegeuzwa malazi ya watu wa kompyuta."

"Si watu kama wewe hao?"

Chizuru alijua ni kweli. Miaka miwili nyuma alikuja kutoka Tokyo na begi moja na kompyuta, akaishi kwa kuandika chochote alichoagizwa na wateja asiowajua. Wakati huo yen elfu arobaini na tano zilimtosha kwa chumba cha juu cha nyumba hii, na tofu ya soya ya duka la kona ilikuwa rahisi. Siku hizi pale kona wanauza kahawa ya bei ya kuudhi, na kodi ya chumba itapanda mara mbili kuanzia Oktoba. Mwezi uliopita alikubali kila kazi iliyomjia, akaandika mpaka vidole vikafa ganzi. Bado pesa hazikutosha.

"Nisamehe, bibi, leo nitasema. Unaniongezea kodi mara mbili na paa linavuja! Nilidhani una utu."

Bibi Matsue aliweka kisu chini. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa miaka mingi ya kufuma mishipi ya mavazi ya kimono.

"Nani kakwambia nyumba ni yangu, mwanangu? Mimi mpangaji kama wewe. Mwenyewe kafa, wanawe wameiuza kwa kampuni. Hiyo bei wameipanga wao, mimi niliona haya tu kukueleza." Alitoa bahasha kwenye aproni. "Leo wameniletea hii. Macho yangu yana mtoto wa jicho. Nisomee."

Aibu ilimchoma Chizuru, kisha hasira ikarudi, safari hii kwa kampuni. Alichana bahasha, akasoma kwa sauti ya kukejeli.

"'Kwa heshima kubwa, na kwa mapenzi tuliyo nayo kwa mtaa huu wa Nishijin uliojengwa kwa subira ya wazee wetu...'"

"Maneno matamu hayo. Wanataka nini tena, si kodi wameshapandisha?"

"'...tunakuomba utukabidhi nyumba kabla ya tarehe thelathini Septemba, ili ianze maisha mapya...'"

Chizuru aliishia hapo, akairudia mistari ya kwanza kwa macho.

Bibi Matsue alikaa taratibu kwenye ngazi. "Miaka arobaini na moja nimo humu," alisema. "Hivi aliyeandika hayo hana mama?"

Aliielekezea kidole barua iliyo mikononi mwa Chizuru.

"Endelea basi. Nisikie yote."

Chizuru aliikunja barua, akaitazama sakafu, na kwa sauti ndogo akamalizia aya mbili zilizobaki, neno kwa neno, mpaka kwenye shukrani za mwisho.

Bibi Matsue alimkazia macho yake yenye ukungu. "Umeijua yote kwa kichwa! Kumbe na wewe wamekuletea?"

"Hapana, bibi," alisema Chizuru. "Mimi ndiye niliyeagizwa kuiandika."