Kabla ya Habari za Saa Saba

Mwanahawa alikuwa ameshafika langoni, kamba ya mbuzi mkononi, daftari kwapani. Mumewe angali kakaa na redio yake.

"Nyanyuka, Sudi! Wamesema bwawa la juu limepasuka."

"Wamesema kwa Kiingereza. Na Kiingereza chako wewe ni cha vifo vitupu, hata kuomba chumvi hujui!"

Ni kweli. Maneno yote ya daftarini aliyaokota kwenye habari za maafa: tetemeko, mafuriko, waliofukiwa, wasiojulikana walipo. Jirani yao, Bi Somoe, humwita Mwalimu wa Misiba.

"Ngoja habari za Kiswahili, saa saba," alisema Sudi. "Imebaki nusu saa tu, mke wangu."

Mwanahawa alifungua daftari akamwonyesha: bwawa, kupasuka. Sudi akaongeza sauti ya redio.

Bi Somoe, aliyekuwa akicheka uani kwake, aliacha kucheka, akambeba mjukuu wake.

Wanawake hao na mtoto walifika kilimani. Mbuzi alikata kamba njiani. Habari za Kiswahili zilisomwa saa saba kamili. Sudi hajaonekana. Neno la hilo Mwanahawa analo, liko ukurasa wa kwanza.