Homa ya Mama

Siku hizo kila ukoo ulikuwa na kimeng'enya chake juu ya seli za mwili, bawabu anayewajua wa nyumbani na kufukuza wageni pamoja na maradhi yao. Mwanamke akiolewa, alibadilishiwa, akawekewa bawabu wa kwa mumewe. Ndiyo maana Nakijwa, kila alipotoka kumkumbatia mama yake, alipandwa na homa.

"Umekwenda kwa mama tena," mumewe alimtania, akimpangusa paji kwa kitambaa cha maji.

"Nimekwenda, na nitakwenda tena." Homa ile aliipenda, alijiona kama bado amebebwa mgongoni.

Jumapili moja mama na binti walikula makande bakuli moja, kijiko kimoja, wakicheka mpaka mbavu zikauma. Nakijwa akarudi kwake, akajifunika blanketi, akangoja. Homa haikuja. Akapiga simu kwa hofu.

"Mama, mwili wangu umekusahau?"

"Unisahau wapi! Nimekwenda kubadilisha bawabu, mwanangu. Sasa na mimi ni wa kwenu."

Nakijwa akacheka huku akilia. Kisha, nyuma ya sauti ya mama, akamsikia baba yake, meno yakimgongana: "Mama Nakijwa, nitupie blanketi jingine."